Sangara kwa Mizani, Dagaa kwa Ndoo: Usiku Nilipoiona Plazima Nkome

Sijalala, na sijutii. Usiku kucha hapa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, kwenye meza ya mbao iliyojaa madaftari ya kidato cha tatu yanayosubiri kusahihishwa, nimeitazama plazima ikiwa imetulia tuli, kisha ikaanza kutikisika, kisha ikachafuka wimbi juu ya wimbi, mpaka nikasimama na kupiga makofi peke yangu chumbani. Sikuwa na maabara. Sikuwa na mtambo wa kujaza ghala. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya kawaida, ile ile ninayotungia mitihani ya majaribio, sola juu ya bati, na bando la simu lililokata roho mara tu nilipomaliza kupakua programu.

Programu yenyewe inaitwa WarpX. Kilichoninyima usingizi ni sehemu moja tu ndani yake: kikokotozi cha mbinu mseto, kinachozifuata ioni moja moja kama chembe, huku elektroni zote kikizichukua kwa jumla kama kimiminika. Siku kama hii nimeingoja tangu nikiwa chuo. Naomba niseme mapema, kabla sijazama kwenye maelezo: mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa kidato cha sita, fundi mwenye kiu ya kujua, kitu hiki ni chako.

Plazima iko mlangoni petu

Wapo wanaodhani plazima ni habari ya Ulaya na Marekani. Nenda kwa fundi wa kuchomelea karibu na mwalo ukamtazame anavyogusisha waya kwenye bomba la mtumbwi au kwenye geti. Ule mwanga usiotazamika bila miwani ni plazima: hewa iliyopigwa umeme na kupashwa moto mpaka elektroni zikang'oka kwenye atomi zake, zikabaki ioni zenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi zikikimbizana. Taa ya mrija wa gesi inayowaka dukani ina plazima ndani yake. Jua ni plazima tupu. Na radi inayopasua anga la Ziwa Victoria ni plazima pia, ndefu kilometa kadhaa, nene kama kidole au mkono, inayoishi kwa kitambo kama cha kupepesa jicho.

Sisi wa ukanda huu radi tunaijua kwa machungu. Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani kwetu Geita. Na ziwa lenyewe ni kiwanda cha dhoruba za usiku. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walieleza katika jarida la Nature Communications jinsi upepo wa nchi kavu unavyoshuka usiku kutoka pande zote, ukakutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, hadi alfajiri mawingu yanaporipuka. Mvuvi wa Nkome hakuhitaji jarida kulijua hilo. Anajua ni saa ngapi ziwa hubadilika sura. Magharibi yetu, Kabare, mashariki ya Kongo, vipimo vya satelaiti vilivyotolewa mwaka huo huo wa 2016 vilihesabu mimweko ya radi 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Hakuna mahali Afrika penye zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwalimu wa Nkome anatafuta nini kwenye plazima, namjibu hivi: plazima ndiyo iliyotangulia kututafuta.

Njia mbili za zamani na shida zake

Kuiiga plazima ndani ya kompyuta kulikuwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuichukua plazima yote kama kimiminika kimoja kinachopitisha umeme. Njia hii ina mizizi kwa Hannes Alfvén wa Sweden, aliyeandika mwaka 1942 kuhusu mawimbi ndani ya kimiminika chenye sumaku, akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Hapo huulizi chembe ipi iko wapi. Unauliza tu: mahali hapa msongamano ni kiasi gani, joto kiasi gani, mwendo kuelekea wapi? Ni njia nyepesi na ya haraka, lakini inasahau kwamba chembe mbili zilizokaa mahali pamoja zinaweza kuwa na safari tofauti kabisa.

Njia ya pili ni ya chembe. Waasisi wake ni akina Oscar Buneman na John Dawson, walioianza kompyuta zilipokuwa bado changa. Humo kila chembe ya kompyuta huwakilisha kundi kubwa la chembe halisi. Unaisogeza, unaangalia imeangukia kwenye kimraba kipi cha gridi, unakokotoa umeme na sumaku, unaisogeza tena. Ni njia ya kweli mno, na gharama yake inakausha mate. Sababu ni elektroni. Katika upepo wa jua, yaani plazima inayovuma kutoka juani na kupita karibu na dunia yetu, elektroni hutikisika kiasi cha mara 20,000 kwa sekunde moja, ilhali protoni inahitaji kama sekunde 13 kukamilisha mzunguko mmoja kuuzunguka mstari wa sumaku. Wewe unataka kuona kinachoipata protoni, lakini kompyuta inalazimika kusubiri kila mtikiso wa elektroni. Na kwa umbali ni vivyo hivyo: elektroni zinadai vimraba vya kiasi cha mita 10, wakati mambo ya ioni yanatokea kwenye umbali wa kilometa 100. Ni kama kuipima barabara ya nusu kilometa kwa kijiti cha kiberiti.

Somo la mwaloni

Nilikuwa nimelisoma hili mara nyingi, lakini lilikuja kukaa kichwani Jumamosi moja alfajiri, mwaloni. Mitumbwi ya sangara ilikuwa imeingia. Mizani imening'inizwa kwenye nguzo, na samaki wanapandishwa mmoja mmoja: huyu anatazamwa macho, anatundikwa, kilo zake zinasomwa kwa sauti, kijana anaandika kwenye daftari lililolowa pembe. Hapo hapo bondo, kile kibofu chake cha hewa, linaulizwa, maana siku hizi bondo la sangara ni mali. Kila sangara ana habari yake na bei yake.

Hatua kumi pembeni kulikuwa na dagaa wa usiku wa giza, wale wanaovuliwa kwa taa. Mama mmoja alikuwa anapimiwa. Ndoo inachotwa, inamiminwa kwenye turubai, inachotwa tena. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, hapa kuna dagaa wangapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa nywele zake ni ngapi. "Mwalimu, dagaa hawahesabiwi. Niulize ndoo ngapi."

Nilisimama pale mchangani nikaganda. Huyu mama ametoka kunieleza mbinu mseto kwa sentensi mbili!

Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836. Mweke dagaa wa gramu 1 upande mmoja wa mizani, upande wa pili weka sangara wa karibu kilo 2; uwiano ndio huo. Ioni ni nzito, zinachelewa kugeuka, kila moja inaikumbuka njia iliyopita: hizo zipime moja moja kama sangara. Elektroni ni nyepesi, hazitulii, na popote ioni zinapojikusanya elektroni zinawahi kuziba pengo ili chaji isawazike: hizo zipime kwa ndoo. Wenye mwalo wameijua hekima hii miaka yote. Wanafizikia waliiweka kwenye kompyuta miaka ya 1970, na sasa imekuja kukaa mezani kwangu.

Sheria ya Ohm, ile ile ya darasani

Na hapa ndipo nilipotaka kukimbia nje kuamsha majirani. Ukishaamua kwamba elektroni ni kimiminika kisicho na uzito wa kuhesabika, na kwamba idadi ya chaji hasi inalingana na ya chaji chanya kila mahali, huhitaji tena kuzifuata mbio za mwanga wala mitikiso ya elektroni. Uga wa umeme unaupata kwa sheria ya Ohm.

Ndiyo, Ohm huyu huyu wa kidato cha tatu, wa volti na ampea! Sheria yake imepanuliwa tu ili ienee anga lote. Uga wa umeme mahali fulani unatokana na mambo manne: mwendo wa ioni unaokatiza mistari ya sumaku, mkondo wa umeme unaosukumwa pembeni na sumaku hiyo hiyo, shinikizo la elektroni linapozidi upande mmoja kuliko mwingine, na ukinzani, ule ule tunaoupima maabara kwa waya na betri.

Mzunguko wa kazi unakwenda hivi. Kompyuta inasogeza kila ioni kwa nguvu ya umeme na sumaku iliyopo. Inajumlisha ioni zilizoangukia katika kila kimraba ili ipate msongamano na mwendo wake. Inautazama uga wa sumaku unavyojipinda na kupata mkondo wote wa umeme, kwa sheria ya Ampère. Inaweka vyote hivyo kwenye sheria ya Ohm, unatoka uga wa umeme. Kisha sheria ya Faraday inausogeza uga wa sumaku hatua moja mbele, na kazi inaanza upya. Haba na haba hujaza kibaba: hatua maelfu za namna hiyo, na mbele yako kuna dhoruba kamili.

Nilipoufuatilia mzunguko huo kwa kalamu kwenye karatasi, niligundua kwamba karibu kila kipande chake kimo tayari kwenye vitabu vya sekondari. Kinachokosekana darasani ni kuviunganisha tu.

Usiku wenyewe

Sasa niingie kwenye programu. WarpX ilijengwa katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, pamoja na washirika kutoka nchi kadhaa, na mwaka 2022 timu iliyoitumia, watafiti wa huko Ufaransa wakiwa mstari wa mbele, ilipata Tuzo ya Gordon Bell, ambayo kwa watu wa kompyuta kubwa ndiyo kombe la dunia. Kazi yao ilikimbizwa kwenye mitambo kama Frontier ya Marekani na Fugaku ya Japani. Programu hiyo hiyo, bila kubaguliwa, inakubali kukaa kwenye kompyuta mpakato ya mwalimu wa Nkome. Ni programu huria: bure, msimbo wake uko wazi, unaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Unaipakua kwa amri chache za Conda, chombo cha kusakinishia programu, na maagizo yako unayaandika kwa Python, lugha ambayo vijana wetu wengi wanaanza nayo.

Nilichagua moja ya mifano inayokuja nayo: kijito chembamba cha ioni zinazokimbia, kikipenya katikati ya ioni nyingi zilizotulia, vyote vikiwa ndani ya uga wa sumaku. Jambo hili linatokea kweli angani, mbele ya dunia yetu, pale ioni kadhaa zinaporudishwa nyuma na kwenda kupambana na upepo wa jua unaokuja. Nikapunguza ukubwa wa gridi ili mashine isilemewe, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi, picha za kwanza zilikuwa tayari. Kwa mlalo ni mahali, kwa wima ni kasi. Chini kulikuwa na utepe mnene wa nukta, zile ioni tulivu, na juu yake mstari mwembamba ulionyooka, ndio kijito. Uga wa sumaku haukuwa na lolote ila ukungu wa mitetemo midogo. Nikasogeza picha. Bado. Nikasogeza tena. Mstari wa juu ukaanza kupinda, kidogo sana, kama kamba ya jarife inapoguswa na samaki wa kwanza. Kwenye uga wa sumaku wimbi likajitokeza, likakua, likapata mwenzake. Kisha kijito chote kikawa kinapanda na kushuka, mgongo kwa mgongo.

Mdogo wangu alikuwa ameamka kunywa maji. Akasimama nyuma ya kiti. "Kaka, hiyo nini?"

"Plazima."

"Mbona kama nyoka?"

Nikamwambia subiri. Picha tano mbele, nyoka akapasuka. Nukta zilizokuwa kwenye mstari mmoja zikatawanyika kila upande, kijito kikajichanganya na ule utepe wa chini, na wimbi lililokuwa linakua likaacha kukua. Kijito kilikuwa kimeitoa nguvu yake na kulikabidhi wimbi; wimbi nalo likageuka na kukitawanya kijito. Mdogo wangu, ambaye fizikia hajawahi kuipenda, akasema, "Rudisha nyuma, nione tena." Tukairudisha mara sita.

Hiki ndicho kimiminika peke yake hakiwezi kukuonyesha. Kwenye kimiminika, mahali pamoja pana kasi moja ya wastani. Kijito na umati vingejumlishwa na kugawanywa, na nyoka asingezaliwa. Na wala sikulazimika kulipa gharama ya kuzifuata elektroni moja moja. Nilipata ukweli wa ioni kwa bei ya mkoba wangu.

Baadaye, jogoo wa kwanza akiwika, nikaendesha mfano wa ufifio wa Landau. Lev Landau aliandika mwaka 1946 kwamba wimbi ndani ya plazima linaweza kufifia hata kama hakuna chembe zinazogongana, kwa sababu chembe zinazosafiri kwa kasi inayokaribiana na ya wimbi hulinyonya nguvu zake. Chuoni nililikariri kwa hesabu ndefu za kurasa mbili na kulifaulu bila kuliamini. Safari hii nimeliona. Wimbi linashuka, linashuka, na ioni zilizokuwa zikienda nalo bega kwa bega ndizo zinazoibuka na kasi mpya. Yale ya mtihani yaliacha kuwa ya mtihani.

Mbinu yenye rekodi

Asije mtu akadhani huu ni mchezo wa picha. Mwaka 1982 M. M. Leroy na wenzake, akiwemo Dan Winske, walitumia mbinu mseto kulieleza lile wimbi la mshtuko linalosimama mbele ya dunia kwenye upepo wa jua, kama maji yanavyojikunja mbele ya mtumbwi unaokwenda kasi. Satelaiti za ISEE zilikuwa zimepima kwamba uga wa sumaku hapo haupandi ngazi moja: una mguu mbele na nundu juu. Uigaji ulionyesha kwamba mguu na nundu hiyo vinatengenezwa na sehemu ya ioni zinazogonga ukuta na kurudishwa, zikazunguka na kuingia tena. Bila kuzifuata ioni moja moja, nundu haina maelezo.

Na juu ya Afrika yetu kuna jambo lililonigusa zaidi. Kilometa 100 hadi 110 juu ya ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki inapita Ethiopia, mchana unapita mkondo mkubwa wa umeme ndani ya plazima ya anga. Mwaka 1963 Donald Farley na Oscar Buneman, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba elektroni zinapozipita ioni kwa kasi kubwa kuliko ya sauti ndani ya plazima hiyo, mkondo hauwezi kutulia. Unavunjika kuwa mawimbi yanayoonekana kwa rada. Swali likabaki: kwa nini mawimbi hayo hayaendelei kukua bila kikomo? Mwaka 1995 Meers Oppenheim, Niels Otani na Corrado Ronchi walichapisha uigaji mseto, ioni zikiwa chembe na elektroni kimiminika, wakayaonyesha mawimbi hayo yakikua hadi yanapofikia kikomo chake. Anga la Waafrika liliingia kwenye kompyuta kwa mbinu hii hii ya sangara na dagaa!

Plazima iliyo juu zaidi ya hapo ndiyo inayotikisa mawimbi ya GPS, hasa baada ya jua kuzama katika nchi za ikweta. Vipokezi vya kupima mtikisiko huo vimefanya kazi Nairobi na Kampala. Na kwa mvuvi anayeweka alama ya nyavu zake kwa kifaa cha GPS ili azikute gizani, habari za elektroni za kilometa mamia juu si hadithi za mbali.

Wala sisi si wageni kwenye sayansi ya anga. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, jukwaa hilo hilo lilirusha satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ambayo iliichora ramani ya mianga ya eksirei inayotoka kwenye gesi yenye moto usiosemeka karibu na nyota zilizokufa. Jina la Kiswahili limeandikwa kwenye historia ya plazima ya mbinguni. Kilichobaki ni sisi wenyewe kukaa kwenye kiti cha kuendesha.

Na radi je?

Hapa lazima nimtendee msomaji haki. Kikokotozi hiki cha WarpX hakikutengenezwa kwa ajili ya radi. Radi inazaliwa kwenye hewa nzito, ambamo elektroni zinagongana na molekuli kila mara, na huko mseto unapangwa kwa namna nyingine. Chao Li, Ute Ebert na Willem Hundsdorfer wa taasisi ya CWI, Amsterdam, walichapisha mwaka 2010 na 2012 mbinu inayogawanya si kwa aina ya chembe bali kwa mahali. Cheche inaposonga mbele hewani, kwenye ncha yake zipo elektroni chache zenye nguvu nyingi, na hizo ndizo zinazoongoza msafara. Huko kompyuta inazifuata moja moja. Nyuma ya ncha, kwenye mwili wa cheche, elektroni ni nyingi mno na zimetulia. Huko zinachukuliwa kama kimiminika. Mpakani, chembe zinavuka na kuwa kimiminika, kwa hesabu isiyopoteza hata moja.

Mbona hizo elektroni chache ni muhimu hivyo? Kwa sababu mojawapo ikipata kasi ya kutosha haishikiki tena, inaendelea kuongeza mwendo na kuzaa eksirei na miale ya gama. Mwaka 1994 wanasayansi walitangaza kwamba satelaiti ilinasa miale ya gama ikitoka kwenye mawingu ya radi ya dunia yetu wenyewe, na Afrika ya kati ni mojawapo ya sehemu ambako miale hiyo huonekana sana. Hesabu ya wastani ingezimeza hizo chache. Mwaloni pia wapo wachache wa namna hiyo: ndani ya ndoo ya dagaa anaweza kuwemo sato mdogo, na mama mwenye jicho humtoa kabla ya kupima.

Mapungufu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo niyataje na yaliyonisumbua.

La kwanza ni gridi. Ukitaka picha kali zaidi, ukapunguza kimraba kuwa nusu, hatua ya muda unalazimika kuipunguza kuwa robo, kwa sababu mawimbi ya mluzi, yale ambayo redio za zamani zilikuwa zikiyapokea kama filimbi, hukimbia kasi zaidi kadiri yanavyokuwa mafupi. WarpX inakuruhusu kuugawa muda wa uga wa sumaku katika vihatua vidogo bila kuzisumbua ioni, na hilo linasaidia sana, lakini gharama haifutiki.

La pili ni mahali patupu. Sheria ya Ohm hapa inagawanya kwa msongamano wa plazima. Pasipo na plazima unagawanya kwa sifuri, na mashine inakupa upuuzi. Unaweka kiwango cha chini cha msongamano kwa mkono, na kiwango hicho unapaswa kukichagua kwa akili. Jaribio langu la tatu liliharibika kwa sababu hiyo tu.

La tatu ni ukungu wa chembe. Kuupunguza nusu kunahitaji chembe mara nne, na kompyuta mpakato ina mwisho wake. La nne ni la asili ya mbinu yenyewe: ukishazipima elektroni kwa ndoo, siri ya elektroni mojamoja umeiacha. Pale mistari ya sumaku inapokatika na kuunganishwa upya, kwenye kiini kabisa cha tukio, siri hiyo ina uzito. Na la tano ni letu: maelezo yote ni ya Kiingereza, na istilahi za Kiswahili za fani hii bado tunazichonga tukiwa njiani.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililonifanya nifunge mashine.

Hukumu

Nimewahi kutumia programu za kufundishia fizikia zenye mipira ya kurushwa na pendulamu za kubembea. Ni nzuri, lakini zinarudia tunayoyajua. Hii ni ya jamii nyingine. Hii inampa mtoto wa Nkome chombo kile kile anachotumia mtafiti wa Berkeley, akiwa na sheria ya Ohm aliyofundishwa na mwalimu wake na mizani aliyoiona kwa mama yake. Kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na subira, sijaona mlango mpana kuliko huu wa kuingilia kwenye plazima. Naipa alama zote, na ningekuwa na za ziada ningeziongeza.

Walimu wenzangu wa Geita, Shinyanga na Mwanza, nawaomba jambo moja. Pakueni programu hii usiku, bando la usiku ni nafuu. Anzeni na mfano wa kijito cha ioni, gridi ndogo, chembe chache. Wawekeni wanafunzi mbele ya kioo na msiseme neno. Subirini mpaka mmoja wao aulize kwa nini mstari unapinda. Akishauliza, mpelekeni mwaloni.